Kuhamisha minara ya vita: daftari kabla ya kreni

Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishwa kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, ili kupisha barabara mpya. Yalipelekwa kando ya Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo leo ni Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam. Aliyekuwa na jiwe lenye jina alihama na jina lake. Lakini katika viwanja walimozikwa Waafrika, Wakristo kwa Waislamu na wasio wa dini hizo, makaburi hayakuwahi kuwekewa alama moja moja. Mabaki yao yakazikwa upya kwa pamoja, katika makaburi ya jumla yenye kuta za kumbukumbu.

Waliofanya kazi ile 1968 hawakuwa na la kufanya. Kosa lilikuwa limetendeka miaka hamsini nyuma, siku ile mtu alipozikwa na hakuna aliyeandika. Ndivyo ulivyo uhamisho wa kumbukumbu yoyote: unafichua kisichoandikwa, na ukifanywa ovyo unaongeza kingine juu yake. Jiwe likivunjika hutafutwa jingine. Taarifa iliyokuwa ndani ya jiwe hairudi.

Tunalisema hili mapema kwa sababu kamati nyingi huanza na swali la kreni. Mji una mnara mdogo kwenye kona ya barabara inayopanuliwa, bamba la shaba kwenye ukuta wa boma la zamani, mzinga wenye kutu katika uwanja wa shule, na wazo zuri linakuja: tuvikusanye vyote kwenye njia moja ya watembea kwa miguu, watu wavione. Wazo ni zuri kweli. Ila kunyanyua ni kazi ya siku moja au mbili, na kinachotangulia huchukua miezi.

Ni cha nani, na chini yake kuna nini

Swali la kwanza ni kama hapo ni ukumbusho au ni kaburi. Mnara hujengwa popote, lakini kaburi lina mtu. Kama kuna shaka yoyote kwamba chini kuna mabaki, kazi inasimama na inageuka kuwa jambo la ndugu, viongozi wa dini, afisa wa afya na mahakama. Makaburi na minara ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake kwa kawaida iko chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na hayo hayaguswi bila ridhaa yake kwa maandishi.

Swali la pili ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na wengi hudhani inalinda kila kitu kikuukuu. Ulinzi unaokuja wenyewe kwa umri unahusu vilivyojengwa kabla ya 1863. Mnara wa 1927 unalindwa ukiwa umetangazwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Usipotangazwa, mkandarasi wa barabara anaweza kuuona kama kifusi. Na barabara ndiyo sababu ya uhamisho mwingi: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati, na vitu vingi vilivyokuwa salama vikajikuta ndani ya alama za X nyekundu. Kwa Kenya, pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa.

Swali la tatu ndilo zito, nalo halina fomu. Ukumbusho umesimikwa na nani, dhidi ya nani? Lugalo, karibu na Iringa, kuna mnara wa Wajerumani waliouawa na Wahehe wa Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Songea kuna makumbusho ya Majimaji, yanayowakumbuka mashujaa 67 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Ukivipanga vitu vya namna hiyo kwenye njia moja, juu ya misingi ya urefu uleule, umeshasema jambo hata kama hukukusudia.

Dar es Salaam ina mfano wake. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa koloni lao, akiwa amesimama juu na askari wa Kiafrika chini yake akimtazama. Waingereza, waliouteka mji 1916, waliing'oa, na mwaka 1922 ikasimikwa tena Hamburg, Ujerumani, kwenye chuo kikuu. Wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Ilipooneshwa kwenye maonesho ya Berlin mwaka 2016, ilioneshwa ikiwa imelala. Shaba ni ileile, lakini kila ilipohama maana yake iligeuka. Kwa maoni yetu kuilaza kulikuwa uamuzi wa busara kuliko kuificha au kuisimamisha upya, na kamati yenye mnara wa mtawala mikononi inaweza kufikiria hivyo: iuweke chini, usawa wa ardhi, na maelezo pembeni.

Daftari

Kabla ya tindo kugusa jointi, kila jiwe linapewa namba. Mfumo unaofaa ni wa kozi, yaani safu za mawe: K2-3 ni kozi ya pili kutoka chini, jiwe la tatu. Kuhesabu kunaanzia kona iliyo karibu zaidi na kaskazini na kuzunguka kufuata mshale wa saa. Inaonekana ni jambo dogo mpaka upate timu mbili, moja imehesabu kutoka kushoto kwa aliyesimama mbele, nyingine kutoka kulia, na mawe arobaini yamelala kwenye bohari bila mtu kujua lipi ni lipi. Namba inaandikwa kwenye uso usioonekana, yaani wa juu au wa chini, ndani ya jointi. Kwa kuwa uso huo haufikiki hadi jiwe litoke, kwa kuanzia linafungiwa kadi kwa kamba. Tepu ya gundi hapana, kwani ikibanduliwa huondoka na ngozi ya jiwe. Chaki nayo mvua moja inatosha kuifuta.

Kila namba ina mstari wake kwenye daftari: urefu, upana, kimo, uzito uliokadiriwa, nyufa, matengenezo ya zamani, rangi ya udongo wa jointi. Pima pia mnara mzima kwa timazi na dira. Kama ulikuwa umeinama kwa sentimita 3, andika, na kama bamba kuu lilitazama bandarini, andika na sababu.

Maandishi yaliyofifia yanasomeka vizuri zaidi usiku. Shika tochi karibu kabisa na ukuta wa jiwe ili mwanga upite ukilamba uso, piga picha mwanga ukitoka kushoto, kulia, juu na chini, kisha linganisha. Herufi ambayo mchana haipo hujitokeza kama kivuli. Nakili tahajia kama ilivyo, hata ikiwa na makosa. Jina lililoandikwa vibaya 1920 ni ushahidi wa namna karani alivyolisikia, na kwa familia inayotafuta huenda ndiyo njia pekee ya kulipata kwenye kumbukumbu za jeshi. Marekebisho yanawekwa kwenye bamba jipya pembeni.

Mambo mawili ya tahadhari. Chini ya jiwe la msingi mara nyingine huwekwa kisanduku chenye sarafu, magazeti au hati. Kikionekana kisifunguliwe hapohapo. Kifungwe kwenye kitambaa na kipelekwe makumbusho, kwa sababu karatasi iliyokaa gizani miaka mia inaweza kuharibika haraka ikipigwa na jua. La pili ni makombora yaliyowekwa kama mapambo. Usichukulie kwamba ni matupu. Yasitobolewe, yasichomelewe, yasisuguliwe kwa grenda, hadi wataalamu wa jeshi wayaangalie.

Saruji, adui anayependwa

Uharibifu mwingi kwenye minara yetu umefanywa na watu waliokuwa wanaitunza. Ukienda kwenye mnara wa mawe uliopigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta nyeupe kila mwaka kabla ya sherehe, gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe, ngozi imeshaachana na mwili.

Sababu ni hii. Jiwe la matumbawe, na hata mengi ya bara, hunywa maji kutoka ardhini na mvuani. Zamani maji hayo yalitokea kwenye jointi za chokaa, ambazo ni laini kuliko jiwe. Jointi iliharibika taratibu, fundi akaijaza upya, jiwe likabaki salama. Ukiiziba jointi kwa saruji, maji yanalazimika kutokea usoni mwa jiwe. Yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inajikusanya chini ya ngozi, inakua, inasukuma, na jiwe linamomonyoka kuwa unga huku jointi ya saruji ikibaki imechomoza kama mbavu. Ukiona mbavu hizo pwani, ujue jibu unalo.

Kuondoa saruji ya zamani ni kazi ya tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grenda inaharakisha na kukata kingo za mawe pande zote mbili, na kingo hizo hazirudi. Jointi inachimbwa kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wake: ya milimita 10 inachimbwa 20 hadi 25. Inanyunyizwa maji, kisha inajazwa chokaa na mchanga kwa 1:3. Mchanga uwe wa mto uliooshwa. Wa pwani una chumvi, na kuuweka ni kuurudisha ugonjwa uliotoka kuutibu. Chokaa ya unga ya dukani inatumika, ikiwa imelowekwa kwenye pipa wiki kadhaa hadi iwe kama siagi. Baada ya kujaza, funika kwa magunia mabichi na uyaloweshe kwa siku 7 angalau. Chokaa inayokauka haraka kwenye jua la Januari huwa unga, na hapo ndipo watu husema chokaa haifai na kurudi kwenye saruji.

Usafishaji una utaratibu wake wa ngazi. Anza na maji matupu na brashi laini, halafu sabuni isiyo kali kama maji peke yake hayakutosha, na kwa ukungu na kuvu tumia dawa ya jamii ya benzalkoni, uache siku kadhaa kabla ya kusuuza. Jaribu kwanza eneo la sentimita 10 kwa 10 lililojificha, usubiri likauke kabisa ndipo uhukumu. Jiki inaacha chumvi. Asidi ya kusafishia vigae inayeyusha matumbawe na marumaru, na povu unaloliona likichemka ni mnara wenyewe unaoondoka. Brashi ya waya huacha nyuzi za chuma zinazogeuka madoa ya kutu msimu unaofuata.

Ndani ya minara mingi kuna vibano vya chuma vinavyounganisha mawe. Chuma kikishika kutu hutanuka hadi kuwa mara kadhaa ya ukubwa wake na kulipasua jiwe kutoka ndani. Ufa unaoanzia kwenye jointi na kwenda kwenye kona kwa mshazari, wenye doa la kahawia, mara nyingi ni kibano. Usikivute. Toboa matundu madogo kukizunguka, kilegee, kisha weka cha chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kinavumilia hewa ya bahari kuliko 304.

Shaba

Sanamu za askari wa Dar es Salaam na Nairobi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson zilizozinduliwa 1927 na 1928, ni za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Sanamu za aina hii ni tupu ndani, ukuta wake ukiwa na unene wa milimita chache tu, na mara nyingi zina mifupa ya chuma. Maji yakiingia kwenye ufa wa begani hushuka hadi miguuni na kukaa. Kwa hiyo chunguza nyayo kabla ya kitu kingine. Kama kulikuwa na vitundu vya kutolea maji na vimezibwa kwa saruji, vizibue.

Rangi ya kahawia au kijani kibichi iliyotulia ni ngozi ya shaba. Isiondolewe. Kusugua sanamu mpaka ing'ae kama bomba la msikitini ni kuivua hiyo ngozi, na mwaka ujao itakuwa na michirizi. Cha kuogopa ni vidoa vya kijani hafifu vya unga, vinavyorudi kila ukivifuta: hiyo ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani, na inahitaji mtaalamu. Sanamu isiyo na ugonjwa huo inaoshwa kwa maji safi, inakaushwa kabisa, inapashwa moto kidogo kwa mashine ya hewa moto, kisha inapakwa nta ya vifuwele vidogo (microcrystalline wax) kwa brashi na kusuguliwa kwa kitambaa. Bara mara moja kwa mwaka inatosha. Pwani weka mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Mizinga ni habari nyingine. Mzinga wa milimita 105 wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, upo Fort Jesus, Mombasa. Chuma cha namna hiyo kinahitaji rangi ya kuzuia kutu na mdomo uliozibwa kwa kizibo chenye tundu dogo upande wa chini. Ukiuziba kabisa, unyevu unabaki ndani na mzinga unaoza gizani.

Siku ya kunyanyua

Hesabu uzito kabla ya kukodi kreni. Jiwe la graniti la mita 1.2 kwa 0.8 kwa 0.6 lina ujazo wa mita za ujazo 0.576. Zidisha kwa tani 2.7, unapata zaidi ya tani moja na nusu, kwa jiwe moja tu la kitako. Uwezo unaotajwa na mwenye kreni ni wa mkono ukiwa karibu. Mkono ukinyooshwa mita kumi kuvuka mtaro, uwezo huo hushuka sana, kwa hiyo mtake akuoneshe jedwali la mashine yake.

Tumia mikanda ya nailoni. Minyororo huuma kingo. Kona ziwekewe mbao laini au mpira. Sanamu haishikwi kwa mkono, bunduki wala shingo. Mkanda unapita kiunoni na chini ya kitako chake, na kamba ya mwongozo inashikwa na mtu ili isizunguke. Nyanyua sentimita 10, simama, subiri dakika chache, angalia. Kama kuna ufa ambao daftari halikuuona, hapo ndipo utakapojionesha, na ni afadhali ujioneshe kwa sentimita 10 kuliko kwa mita 3. Kwenye lori mawe yakae kama yalivyokaa ukutani, juu ya mbao na mchanga, yasigusane.

Kule yanakokwenda, panga mawe makavu chini kabla ya kuweka udongo wowote. Zoezi hilo hukamata namba iliyopotea.

Msingi mpya ni zege lenye nondo, uwiano wa 1:1½:3, na unaachwa siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kama sehemu nyingi za Nairobi, udongo huo unachimbwa na kuondolewa. Ukiuacha, utaunyanyua na kuuteremsha mnara kila msimu. Kati ya zege na kozi ya kwanza weka tabaka la kuzuia unyevu, vinginevyo chumvi ya zege itapanda jiweni na kazi yote ya chokaa itakuwa bure.

Njia yenyewe

Upana wa mita 1.8 unaruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana. Mwinuko usizidi 1:20. Ukizidi hapo, hadi 1:12, hiyo ni rampu na inahitaji vishikio. Mabomba ya kumwagilia bustani yasielekezwe kwenye jiwe, maana maji magumu huacha ukoko mweupe. Mti wa kivuli ni mzuri lakini mkuyu ulio mita mbili kutoka msingini utaunyanyua mnara ndani ya miaka michache.

Kabla ya kumwaga zege, tengeneza mfano wa mbao na turubai wa ukubwa uleule, uusimamishe mahali palipopendekezwa, urudi saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Utaona kama jua linayasoma maandishi au linayafuta, na kama mgongo wa mnara umeelekea kwenye vyoo vya soko.

Acha uwanja mbele. Siku ya Mashujaa ya Tanzania, tarehe 25 Julai, huwekwa mkuki na ngao kwenye mnara, na mashada, na gwaride linahitaji mahali pa kugeukia. Njia iliyojazwa vibaraza vya maua haina nafasi hiyo, na kila mwaka maua yatakanyagwa.

Mwisho ni majina. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam una maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yakiwataja askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina hata moja halipo pale. Kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kiliacha jina lake sokoni Kariakoo, na la kwao wenyewe halikuachwa popote. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya 2021 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini 1,772, wengi wao weusi, waliofia utumishini: nguzo za mvule katika bustani ambayo watu huipita kila siku, kila nguzo na jina lake.

Kwa njia ya mji mdogo, mvule unapatikana na seremala yupo. Mabamba ya majina yafungwe kwa skrubu za chuma cha pua zenye kichwa kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida, kwa sababu shaba huibwa na kuuzwa chakavu. Ufunguo wake ukae kwa mtunza hifadhi pamoja na daftari. Na kila bamba liachiwe theluthi moja ya uso wake bila maandishi, kwa kuwa baada ya uzinduzi familia huanza kuja na vyeti, picha na majina.